Kioo Kipya cha Mapokezi

Mikumi, 3 Septemba 1999

Mwanangu Yunis,

Hujambo? Masomo yanaendaje? Sisi wazima, ila mdogo wako Innocent na kikohozi chake.

Mwanangu, nina shida. Umeme ulikatika, uliporudi ukaunguza kioo cha kompyuta ya hapa gesti. Fundi wa dukani Morogoro akaniuliza kwa simu waya una pini ngapi. Nikahesabu: kumi na tano. Akasema, "Basi chukua hiki, nacho ni kumi na tano." Kimefika, hakiingii! Za kwetu zimepangwa safu mbili, zake safu tatu. Majina ya watafiti wanaokuja mwisho wa mwezi yote yamo ndani ya kompyuta. Mzee Sendeka, mwenye gesti, kasema isipowaka, mpwa wake anakuja na kompyuta yake na kukaa mapokezi. Mimi nitakwenda wapi? Wewe si unasoma kompyuta?

Mama yako mdogo,
Odilia


Kilosa, 8 Septemba 1999

Mama mdogo, shikamoo. Mimi mzima. Mpe Innocent pole.

Usilazimishe, utapinda pini. Hata ya shuleni, ile yenye nembo ya tufaha, iko hivyo hivyo. Mwalimu Lupakisyo ameweka adapta katikati: upande mmoja safu mbili, wa pili safu tatu. Anayo nyingine kwenye droo ofisini kwa walimu.

Sasa nikuambie ukweli, usicheke. Jana nilikwenda kuiomba. Nikawaamkia walimu wote, wakaitikia marahaba. Mwalimu Lupakisyo akasema, "Haya binti, sema." Nikasema, "Nimekuja kuwasalimia tu." Nikatoka! Nikamsikia Madam Siwema nyuma yangu akisema, "Huyu mtoto kafundwa."

Mama mdogo, kichwani sentensi ninayo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mdomoni haifiki.

Mwanao,
Yunis


Mikumi, 12 Septemba 1999

Yunis wangu,

Marahaba. Nimecheka, nisamehe. Kikohozi kimepungua.

Hata mimi nikimwona Mzee Sendeka nasahau nilichotaka kusema, na nina miaka thelathini na nane. Rudi ofisini. Anza na shida, salamu zifuate. Wakikuona huna adabu, waambie nimekutuma mimi.

Mama yako mdogo,
Odilia


Kilosa, 17 Septemba 1999

Mama mdogo, shikamoo. Natumaini mu wazima.

Nimeipata! Nilivyoingia tu Mwalimu akasema, "Umekuja kutusalimia tena?" Wakacheka wote. Nikasema "adapta" kabla ya shikamoo, tena kwa sauti. Akanipa, na hajanuna.

Nampa kondakta wa basi akuletee pamoja na barua hii. Ubavuni ina swichi ndogo ndogo, ndizo zinazoiambia kompyuta imepewa kioo cha aina gani. Nimekuchorea za kupandisha na za kushusha.

Mwanao,
Yunis


Mikumi, 21 Septemba 1999

Yunis,

Marahaba, mwanangu. Imeingia vizuri, lakini kioo kinatoa mistari inayokimbia. Nimepandisha swichi, nimeshusha, vilevile. Mpwa anakuja Jumamosi. Sikulaumu, umejitahidi.

Odilia


Mikumi, 30 Septemba 1999

Mwanangu Yunis,

Natumaini basi lilikufikisha salama, na mkuu wa shule hakugomba. Huku wazima wote. Innocent anakuuliza kila saa.

Uliondoka mbio, sikukushukuru. Nilipokuona Ijumaa ile unashuka na sare za shule, nilidhani kuna msiba. Kumbe umekwenda mwenyewe kuomba ruhusa! Tena kosa uliliona hapo hapo: nilikuwa nahamisha swichi kompyuta ikiwa inawaka, nayo huiuliza adapta mara moja tu, inapoamka. Ukaizima, ukapanga, ukaiwasha. Kioo cheusi. Mzee Sendeka akasema, "Imekufa hii, tusipotezeane muda," akanyoosha mkono achomoe waya. Nawe ukamwambia, "Babu, usiguse! Subiri."

Yunis! Mzee Sendeka haambiwi hivyo hata na mkewe. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mkono wake ulikuwa bado uko hewani, na majina yamejaa kioo kizima.

Hajakusifu, sijawahi kumsikia akimsifu mtu. Ila mpwa wake alipofika Jumamosi alipewa chai, akaambiwa arudi kwao na kompyuta yake.

Watafiti wamefika leo mchana, na vumbi lao. Nimekaa kwenye kiti changu, nimewaita mmoja mmoja kwa jina, kila mtu na ufunguo wake.

Mama yako mdogo,
Odilia