Siapi kwa Kikombe cha Chai

Kobe, Japani

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na goti lako: limepungua kuuma, au bado unapanda ngazi za nyumba yetu ya Mkunazini kwa kushikilia ukuta? Na wewe Zuhura, dada yangu, najua ndiwe unayemsomea mama barua hii. Soma kwa sauti, usiruke hata pale ninapokasirika. Mimi ni mzima, nakula, nasali, na kazi yangu ya kukagua maandishi ya kanga hapa kiwandani inaendelea. Wajapani wana mikono ya ustadi, ila hawajui wanachokichapa. Juzi nimekuta "mapenzi" yamekuwa "mapezi". Nusura tuwavishe mabibi wa Unguja kanga za samaki.

Sasa nije kwenye ulilonieleza. Kwamba Makame, baharia jirani yetu, amerudi na kutangaza barazani kuwa mwanao amekuwa mlevi. Kwamba baba yake Salma anataka niape kwa maandishi, mbele ya mashahidi, kuwa sijaonja pombe, la sivyo posa inavunjika. Na wewe, mama, unanisihi: "Apa tu mwanangu, yaishe."

Siapi.

Sikiliza ilivyokuwa. Chini ya chumba changu pana mgahawa mdogo wa bibi mmoja mjane. Anauza tambi za nafaka yao ambayo kwetu haina jina, mbegu ndogo yenye pembe tatu. Wenyewe wanaiita soba. Siku moja ya baridi alinikuta natetemeka mlangoni pake, akanikalisha, akanimiminia kikombe. Mbegu hizo huzikaanga kavu mpaka zigeuke rangi, kisha huzimwagia maji ya moto, basi, ndiyo chai yao. Hamna sukari, hamna tangawizi wala hiliki. Nikasema moyoni, leo nimepatikana. Nikaonja. Harufu yake, mama, ni ya ukoko wa wali, ule unaotugombanisha mimi na Zuhura. Utamu wake hauko ulimini, unakuja ukishameza, unakaa kooni. Nikaomba kikombe cha pili, na mbegu zilizobaki chini nikazitafuna. Tangu siku ile nakunywa kila jioni, na imamu wa msikiti wetu huku, Mhindi mkali kuliko mwalimu wangu wa chuoni, akipita naye hunywa.

Meli ya kina Makame ilipotia nanga, alikuja kunitembelea, akanikuta na kikombe mkononi.

"N'nini hicho?"

"Nafaka. Wanaikaanga, wakaitia maji moto."

"Nafaka! Nnajua miye, watu wa huku pombe yao huipasha moto."

"Si pombe, Makame. Hebu onja."

"N'onje miye? Muonja asali haonji mara moja!"

Akatoka, hata kuketi hakuketi.

Simlaumu kwa kutojua. Kwetu nafaka ikitiwa maji ni uji au ni pombe, ya tatu hatuijui. Na ni kweli, huku wako wanaopasha pombe moto. Ninalomlaumu ni kwamba alikataa kuonja, kisha akaenda kuwasimulia watu ladha.

Ningeweza kumwomba imamu aniandikie ushahidi. Sitaki. Leo nikiapa kwa chai, kesho nitaambiwa niape kwa maji. Baba yake Salma ananijua tangu natambaa, nimekula kwake mara ngapi, leo ananiletea "lisemwalo lipo". Nimeudhika, mama, na sifichi. Umenilea wewe, sikulelewa na baraza. Kama malezi yako hayatoshi kuwa ushahidi, karatasi yangu itawatosha nini?

Katika kifurushi hiki mna mbegu zenyewe, zimekwishakaangwa. Tia kijiko kikubwa kimoja katika buli, mimina maji yaliyochemka, funika mpaka yawe na rangi ya samli. Mlango uwache wazi, apitaye anuse. Lakini kikombe cha kwanza ni cha Salma, kabla ya baba yake na kabla ya yeyote.

Nisalimie ami Khamis, fundi wetu wa cherahani, na shangazi Mwanaisha aliyenipokea nilipozaliwa. Mwambie bado nina adabu. Makame naye msalimie, na chai ikibaki mpe.

Na wewe Zuhura, mfikishie Salma maneno haya kama yalivyo. Nampenda. Aonje, halafu aseme mwenyewe. Akinikataa kwa kinywa chake, nitanyamaza. Kwa kinywaji asichokionja, sikubali.

Mwanao, mkaidi kama ulivyomzaa,

Nassor