Uji wa Shabani

Baba,

Shikamoo. Leo Jumamosi nimejifungia chumbani na kaunta buku lako, lile jeusi ulilokuwa ukiandikia operesheni zilizoahirishwa. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Nina jambo la kuungama, na nyumba nzima simwoni wa kumwambia ila wewe uliyezikwa.

Mwanao Shabani, mdogo wangu, ana ngiri. Uvimbe ulianza kidogo tu kinenani, baada ya arobaini yako. Sasa akikimbia unatoka, analia. Alhamisi mie na bibi tulimpeleka palepale hospitalini ulipokuwa ukiwapa wagonjwa nusukaputi, dawa ya usingizi, akapasuliwe. Toka Mtoni mpaka getini nilikuwa naisikia sauti yako: anayepewa nusukaputi asitie kitu tumboni, maana akitapika amelala, chakula kinaingia mapafuni, basi tena.

Baba, bibi alimpa uji. Asubuhi ile ile, bakuli zima. "Mtoto alie njaa na mie nipo?" Nilimwona. Nikamfunga viatu, tukaondoka.

Yule kijana aliyeshika nafasi yako alitoka na karatasi zake, akauliza mbio mbio, "Hajala huyu?" Bibi akajibu swali halijatua: "Hajala, mwanangu. Tangu jana." Mie nikatazama sakafu. Si unanijua? Hata chumvi dukani natumwa mara mbili, mara ya kwanza narudi nimeona haya kuiomba. Wakamchukua Shabani. Akanipungia mkono.

Ndipo nikamkumbuka yule mama wa Vingunguti. Miezi na miezi ulikuwa ukiwagombeza waliokula wakaficha, na kwenye buku mistari ya "alikula" inazidi tu. Yeye ndiye aliyekujibu: "Nikisema kala, si mtanirudisha mwisho wa foleni? Ungekuwa wewe ungesema?" Siku ile ulirudi nyumbani unacheka peke yako. Kesho yake ukatundika ubao: aliyeahirishwa leo, kesho wa kwanza. Mie ndiye niliyekuwa nakuchorea safu za buku, nikaona kwa macho yangu watu wanavyoanza kusema kweli mlangoni, kabla mgonjwa hajalazwa. "Watu hawana ubaya, mama," uliniambia. "Foleni ndiyo inayowafundisha uongo."

Lakini Alhamisi mdomo wangu ulikataa, Baba. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kwa Kiingereza kwamba mtoto kanywa uji, nikampa nesi. Kwa Kiingereza sioni haya, ni kama anayesema ni mtu mwingine. Mara kijana akatoka, kitambaa cha mdomo kinaning'inia shingoni. "Nani kaandika hii?" Nesi akaninyooshea kidole. Bibi akacheka. "Huyo? Huyo hata salamu anaitikia kwa kichwa, ataandika nini?" Halafu akaniangalia, akaacha kucheka.

Shabani alikuwa ameshalazwa mezani, bado kupewa dawa tu. Ameshalazwa, Baba. Ningesubiri kidogo tu... Siwezi kumaliza sentensi hii, nimejaribu mara tatu.

Na ubao wako haupo. Pale pametundikwa kalenda ya soda. Shabani karudishwa mwisho wa foleni, wiki sita, na ngiri inamuuma. Bibi hasemi na mie, anasema na masufuria: "Msomi wetu kamkosesha mdogo wake matibabu." Ameapa safari ijayo atamlisha kama kawaida, na mie nitaachwa nyumbani. Sasa nani atasema? Uongo umerudi kwa mlango uleule ulioufunga wewe.

Kwa hiyo Jumatatu nakwenda kumwona yule kijana, na buku lako mkononi. Namtaka Shabani apangwe mbele, na ubao urudi. Nitasema kwa mdomo, kwa Kiswahili, bila karatasi. Nimefanya mazoezi mbele ya shati lako la bluu, lililobaki nyuma ya mlango. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya nne bibi aliuliza kutoka uani, "Unaongea na nani humo?"

Chini ya mstari wako wa mwisho nimemchorea Shabani wa kwake. Jina: Shabani. Sababu: uji. Safu ya tatu, ile uliyoiita "tufanyeje", nimeiacha wazi. Nakuahidi nitaijaza nikirudi, kisha nimsomee bibi kwa sauti, anisikie.

Pumzika, Baba. Mie nitatulia nikishaijaza safu ile.

Mwanao,
Zuhura