Muswada Ulioukalia

Mheshimiwa Thaddeus, mjukuu wangu,

Huna haya wewe! Dada yako Odessa unamtumia maua, na muswada wa kumpatia dawa umeukalia huko Bunge la jimbo kama kuku anayelalia mayai.

Huku hatujambo. Mvua imezoa pamba ya majirani zetu kina Tolliver. Kichanga cha Odessa kimenenepa, kilafi kama mjomba wake. Ila bima ya uzazi ya Odessa imekatika na presha haijashuka. Jana nimemkuta akikata vidonge kwa kisu cha mkate.

"Bibi, nikimeza nusunusu vitanifikisha Pasaka."

Muswada huo unawapa wanawake waliojifungua bima mwaka mzima, na mwenyekiti wa kamati ni wewe. Usipouleta mezani kabla ya Ijumaa, muswada umekufa. Nilipokupigia simu ukanijibu, "Bibi, siasa ina wakati wake." Presha nayo itakusubiri? Mama yenu aliondoka duniani kwa presha hiyohiyo, Odessa akiwa bado ananyonya. Nikawalea mimi.

Wakubwa wa chama wakinuna, waache wanune. Kesho asubuhi ulete muswada huo mezani, upigiwe kura.

Bibi yako,
Earlene