Kifungo cha Shati la Chiriku

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili jioni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko kwenye baridi? Kikohozi kimekuacha? Na wifi, mgongo bado unamsumbua? Sisi ni wazima wa mwili. Moyo ndio mgonjwa, ndiyo maana leo sikupigii simu. Ningelia, nawe ungenikatia kama kawaida yako.

Mpwa wako Chiriku alikwenda pwani na wanafunzi wenzake, ziara ile ile uliyokwenda wewe ukiwa darasa lake: kutoka alfajiri, kuona ngome, kupita mji wa kale, kuchovya miguu baharini, jioni kurudi. Alirudi na mchanga viatuni na kichwa kimejaa mizinga na milango ya kuchongwa. Nikamwacha abwabwaje huku nafua sare yake.

Ndipo nikakiona kifungo kimoja cha shati. Nyuzi zimepishana, shina limezungushiwa uzi mpaka likawa gumu kama kijiti, na fundo limefichwa chini ya kitambaa. Ni mkono wa Baba ule. Sura ya Baba siikumbuki, lakini koti aliloshona akatuachia nimelivaa miaka. Lilichanika mgongoni, vifungo vikabaki. Sijaona fundi mwingine anayeshona hivyo, na wewe mwenyewe alikufundisha ukashindwa.

Nilimuuliza mtoto taratibu. Akasema kifungo kilichomoka wakipanda ngazi za ngome, mwalimu wao akamkemea, kisha akampeleka kwa mzee mmoja mwenye cherehani barazani, nyuma ya soko. "Mama, yule babu ana maneno! Eti kifungo hiki kitazeeka kuliko mimi." Mzee akamuuliza anatoka mji gani. Alipomtajia, mzee akainamia cherehani yake.

Kaka, uliporudi kwenye ziara yako ukasema umemwona Baba yu hai, mimi nilikuwa mdogo sana. Nakumbuka kofi alilokupiga Mama tu, na Baba Mdogo, aliyetuletea habari za kifo, akikulazimisha uombe radhi mbele ya majirani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii yetu mbona imekula maisha yako yote? Nina hasira na sina wa kumtupia. Baba Mdogo yuko kaburini, na huyu aliye hai alituacha tumlilie.

Nilitaka kumficha Mama, lakini Chiriku ni Chiriku. Alimpelekea bibi yake shati akamsimulia yote. Unajua macho ya Mama hayaoni tena. Alikipapasa kifungo, akazungusha kidole kwenye shina lake. Kisha akaomba mkasi. Akakikata, akaniamuru nimtungie uzi kwenye sindano, akakishona upya mwenyewe kwa kupapasa, kombokombo. "Mtoto avae aende shule," akasema. Tangu siku hiyo chakula anakionja tu.

Basi nakuuliza wewe mkubwa wetu: nimfuate yule mzee, au nimwache kama alivyotuacha? Nikienda naogopa Mama atanifia huku nyuma. Nisipoenda, mzee naye jua lake limeshatua, na mimi sijawahi kumwita mtu Baba. Njoo, Kaka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nisalimie wifi na wanangu. Yule mdogo mwambie shangazi yake bado anaweza kumbeba, hata akivimba kiburi namna gani. Mungu awafunike kwa rehema zake, akufungulie na njia ya kurudi.

Mama naye anakusalimu. Usishangae; najua hajatuma salamu tangu uondoke. Nilipomwambia nakuandikia, akasema, "Mwambie mwanangu kofi lile halikuwa lake."

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba.