Tulimchagua Ndani ya Maji

Mujukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Uvira. Huku tuko wazima, na mama yako amerudi sokoni kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kama vile hakushindwa uchaguzi. Unaniuliza kwa nini wanawake hawakumpigia kura, na yeye ni mwanamke mwenzao.

Nilipokuwa mke kijana, kule Luberizi, tulichagua mukubwa wa mashamba ya mpunga kwa kunyoosha mikono. Sote tulimtaka Mama Sifa. Lakini mabwana zetu walisimama ukingoni wakiangalia, na mikono ikaenda kwa mwanaume. Jirani yangu akaninong'oneza: "Nikinyoosha kwa Sifa, nyumbani nitaulizwa nani ananifundisha kiburi."

Msimu uliofuata, Mama Sifa alituuliza kama tunamtaka, tukiwa tumeinama tunapanda mpunga, katikati ya maji, ambako mabwana hawaingii. Tulipotoka shambani, tulikuwa na mukubwa wetu.

Leo kura ni ya siri, lakini wengi wanaingia kupiga wakiwa bado na jicho la bwana mgongoni. Usiwakasirikie. Mama yako atasimama tena, na miye sitangoja kampeni. Kesho napanda pikipiki kwenda Luberizi, ambako wanawake wanapanda mpunga. Kiuno kinaniuma, lakini kuinama sijasahau.

Bibi yako