Dawa za Mwanakombo

Bausher, Jumamosi, baada ya Isha

Tangu turudi kutoka China nna jambo moja linanikera. Sijui siku zangu zimebaki ngapi, bora niliandike.

Siku ya mwisho, baada ya hospitali, binti yangu Salma alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi kaburini kwa tabibu wao wa zamani, mwanachuoni aliyeandika kitabu kikubwa cha dawa. Ukutani wamemchonga amekaa chini mbele ya bibi mmoja mkulima. Bibi anasema, tabibu anaandika.

Mimi pia niliandika kitabu, cha miti ya dawa ya Unguja. Nilisifiwa sana. Dawa zote zile nilifunzwa na Mwanakombo, mpishi wetu, na sikumtaja popote. Nilijiambia kuwa mpishi hana haja ya kutajwa kitabuni.

Leo nimemwambia Salma tukichapishe upya, jina la Mwanakombo litangulie.

"Baba, mwenyewe kishakufa. Nani atakuuliza?"

"Yeye. Mimi nnakwenda huko huko aliko."

"Wewe kila Jumamosi unakwenda, Baba, na asubuhi yake unadai chai ya maziwa."

Tulicheka. Kisha akaleta karatasi, akaandika "Mwanakombo binti", akaningoja nimalizie.

Mwanakombo alitupikia miaka thelathini, nikamuuliza kila jani na kila mzizi. Jina la baba yake sikumuuliza hata siku moja.