Njia ya Chini Imefungwa

Jumanne. Mvua imenyesha Embu asubuhi yote, kisha ikatuachia baridi. Sina hasira wala furaha. Naandika tu.

Leo tumefunga njia ya chini ya bustani ya mtoni.

Bustani hii niliichora mimi, miaka michache iliyopita. Upande wa juu una miti na ngazi za mawe. Upande wa chini njia inazunguka kinamasi, tambarare mwanzo hadi mwisho. Sasa korongo wawili wenye taji wamejenga kiota kwenye matete, karibu kabisa na njia. Kila mkimbiaji akipita na mbwa wake, ndege anayeatamia anainuka na mayai yanabaki kwenye baridi. Kamati ya bustani ilipokaa leo, niliulizwa maoni. Nikasema tufunge hadi vifaranga watoke. Hakuna aliyepinga.

Sikuwaambia kwamba baba yangu hutembea huko.

Tangu apate kiharusi, daktari amemwagiza atembee kila siku. Anatumia mkongojo. Ngazi hawezi kuzipanda. Alikuwa amebaki na njia ya chini tu.

Nilimwambia jioni akiwa anakunywa uji. Mimi nimebeba jina la mama yake, kwa hivyo huniita Mama.

"Wametaga mangapi?" akauliza.

"Mawili, Baba."

"Basi waachwe wakae." Akaweka kikombe chini polepole. "Lakini Mama, ulipokuwa unachora, mimi ulinipitishia wapi?"

Wakati huo alikuwa mzima, akipanda mteremko wa majani chai yetu kule Kibugu bila kupumzika. Niliwafikiria ndege. Niliwafikiria wakimbiaji, na watoto wanaokuja Jumapili baada ya kanisa. Mtu wa mkongojo sikumfikiria hata kidogo.

"Nitazunguka uwanja wa kanisa," akasema baadaye. Uwanja wa kanisa umejaa kokoto. Sote wawili tunajua.

Sijutii kufunga njia. Ningeulizwa tena ningesema vilevile.

Lakini huko juu, katikati ya miti, pengine njia isiyo na ngazi inaweza kupita ikijipinda vya kutosha. Kuna kima wanaoishi pale. Itabidi niangalie kwanza wao wanapita wapi. Asubuhi nitaenda na utepe wa kupimia, na Baba nitamchukua. Tutaingilia lango la juu, twende kadiri atakavyoweza.

Akisimama kupumzika, hapo nitaweka alama ya benchi.